Mjomba Hajajibu

Likombe, Mtwara
12 Juni 2004

Dada yangu Mwaisha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti yako hayakusumbui sana na kibaridi hiki cha mwezi wa sita. Huku Likombe mie mzima, mwenye nyumba mzima, na kuku wa jirani wazima kupita sote, maana kila siku wanakula mahindi ninayoanika mie. Msalimie shemeji Issa. Mwambie nimesikia kaota kitambi, namwombea ajifungue salama.

Sasa dada, ile Jumamosi. Najua wageni wa Mtawanya walikuja kutaka jibu la posa ya mwanetu Shamimu, wakakaa, wakala, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu mie mjomba sikuwepo. Dada, nilikuwa nimeshavaa! Kanzu nimeipiga pasi mwenyewe mpaka nikaunguza mkono mmoja. Nikafika stendi, gari la Kitaya limegoma kuwaka. Tukalisukuma. Likawaka, likaondoka, likatuacha sie tuliosukuma tumesimama na vumbi letu. Cheka tu. Mjini ndivyo tunavyoishi.

Waambie wakija tena nitakuwa wa kwanza mkekani. Na huyo kijana Yusufu ni mtu wa namna gani? Nasikia anatengeneza baiskeli. Anacheka? Mie mtu asiyecheka simkubali.

Mdogo wako,
Fikirini


Kitaya
21 Juni 2004

Mdogo wangu Fikirini,

Marahaba. Huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mihogo imetoka vizuri, ila viboko wanapanda kutoka mtoni wanatumalizia mboga za bondeni. Shemeji yako kasema kitambi ni chake na kujifungua atajifungua akipenda.

Ama kuhusu gari. Fikirini, gari la Kitaya siku ile lilifika mapema kuliko siku zote. Dereva alikunywa chai hapa kwangu, kwenye kibao kile kile unachokalia wewe.

Halafu jirani yangu Salma kaja huko Mtwara kumwona mwanawe, kapita sokoni, kakuona. Kasema umekaa nyuma ya mabeseni ya plastiki, kimya, umeweka kipande cha boksi umeandika bei. Wewe, uandike bei! Wewe uliyekuwa ukisimama juu ya meza mnadani na kipaza sauti, mpaka ng'ambo ya mto, huko Msumbiji, wanajua leo shuka ni shilingi ngapi! Salma alidhani umefiwa, akaogopa hata kukusalimia.

Sikiliza. Hakuna haja nikufundishe mambo ya kwetu, lakini nakukumbusha. Mtoto ni wa upande wa mama. Issa atakaa mkekani atakunywa chai, lakini jibu si lake, ni la mjomba. Na jibu likishatoka limetoka, hakuna wa kulirekebisha. Sasa Abdulkarimu, mtoto wa mama mkubwa, anapita nyumba kwa nyumba anasema kama Fikirini hawezi yeye yupo, naye ni mjomba vilevile. Kanunua na kofia mpya. Ila Shamimu kakataa kabisa. Kaniambia, "Mama, ajibu mjomba Fikirini. Nina neno la kumwambia kabla hajajibu, na simwambii mwingine." Nimembembeleza, nimemtisha, hata mie niliyemzaa kaninyima. Abdulkarimu ni mtu mwema, lakini akishaanza kusema hasikii.

Sasa niambie ukweli. Unaumwa? Umeoa kwa siri? Kuna mtu kakufanyia kitu?

Dada yako,
Mwaisha


Likombe, Mtwara
4 Julai 2004

Dada yangu,

Shikamoo tena, na safari hii naisema nimeinamisha kichwa. Watu wote wakiandika barua wanasema "mimi mzima, hofu ni kwako." Leo naigeuza. Nyie wazima, najua. Hofu iko kwangu, na imeshazoea nyumba.

Ilikuwa mwezi wa pili. Niko mnadani juu ya meza, nimeshika shuka la maua, nasema, "Mama, shuka hili ukilitandika hata mume aliyekimbia anarudi na wenzake!" Watu wanacheka. Mara moyo ukaanza kwenda mbio. Bila sababu, dada. Hakuna aliyenikosea, sijaona nyoka. Mikono baridi, kifua kimebanwa kama mtu kanifunga na kanga ya kubebea mtoto, masikio yanavuma. Nikajua basi, leo nakufa, tena nimeshika shuka la maua. Nikashuka, nikajilaza chini ya meza. Watu wakapiga makofi! Walidhani ni sehemu ya mnada. Mama mmoja akalinunua lile shuka nikiwa bado nimelala.

Tangu hapo watu wakinikodolea macho wengi kwa pamoja, inakuja. Ndiyo maana nikaandika bei kwenye boksi. Ile Jumamosi kanzu niliivaa kweli, na mkono niliunguza kweli. Stendi nilifika. Nikaanza kuwaza mkeka, wazee wamenyamaza, wote wananitazama mie mdomoni, ikaanza palepale. Nikarudi nyumbani. Gari halikuharibika, niliharibika mie.

Hospitali nimekwenda. Wamenipima presha, wamenisikiliza moyo mbele na nyuma. Daktari kasema moyo wangu mzima kuliko wake. Akanipeleka kwa nesi mmoja, Sabina, ana chumba kidogo nyuma ya maabara. Huyo kasomea mambo ya watu wenye wasiwasi. Hana sindano, hana kidonge. Ana viti viwili, feni isiyozunguka, na maswali.

Akaniuliza, "Tangu ianze umefanya nini ili isikupate?" Nikamtajia kwa majivuno, nikijua atanisifu. Mnada nimeacha. Ijumaa nasali mlangoni kabisa, karibu na viatu. Harusi siendi. Msiba nakwenda watu wakishatawanyika. Akaniuliza, "Na hofu imepungua?" Nikamwambia, "Imenenepa, nesi." Akauliza, "Na maisha yako je?"

Dada, nikaitazama ile feni isiyozunguka. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa dogo mno kulitoa mbele ya mtu.

Usimwambie Abdulkarimu.

Mdogo wako,
Fikirini


Kitaya
14 Julai 2004

Mdogo wangu Fikirini,

Marahaba, na pole sana. Kumbe miezi yote hiyo unateseka na mie nakutukana huku. Sisi tunaendelea vizuri, goti moja limepona, moja linamsubiri mwenzake.

Konda wa gari atakupa chupa. Ni kombe, Ustadhi kaandika aya kwa zafarani kaziosha kwa maji, kunywa asubuhi kabla hujala. Mie nawaza mambo mawili. Ama ni jicho la hasidi, maana mdomo wako ulikuwa unawauma watu. Ama ni shetani. Unamkumbuka bibi yetu? Alikuwa anaanguka hivyohivyo mbele za watu. Walipompunga, shetani akataja jina lake, akataka kitambaa cheupe na marashi. Akapewa, akatulia, bibi akaishi kwa raha zake.

Lakini huyo nesi wako kaniingia akilini. Nimekaa na kinu changu nawaza, mtu anatibiwaje kwa maswali? Anakuuliza halafu inakuwaje? Niandikie neno kwa neno, usiruke, nataka kujua.

Wageni wa Mtawanya walirudi. Nimewaambia mjomba anaumwa tumbo la kuendesha. Nisamehe, ndilo lililonijia mdomoni.

Dada yako,
Mwaisha


Likombe, Mtwara
1 Agosti 2004

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti la pili limefuata mwenzake. Mie sijambo, na kombe nimelinywa lote, nalala vizuri sana, Ustadhi apewe salamu. Moyo wa mbele za watu bado uko vilevile. Na ahsante kwa kunitangazia ugonjwa wa choo. Juzi mtu wa Mtawanya kanikuta sokoni kanipa ndizi mbichi, kasema zinafunga.

Umetaka neno kwa neno, haya.

Sabina aliniambia hivi: "Fikirini, hofu usipigane nayo, na usiikimbie. Ikija, ipe nafasi ikae." Mie nikamwambia nimeelewa. Dada, nilielewa kama mjukuu wa bibi yetu! Nikarudi nyumbani, nikanunua kitambaa cheupe. Nikanunua marashi, nikafukiza udi, nikaweka kiti kitupu mbele yangu. Nikakaa. Nikasema kwa adabu, "Karibu. Taja jina lako, useme unataka nini, upewe uende zako." Mwenye nyumba akachungulia dirishani, akaondoka taratibu, na kesho yake akanisalimia kwa heshima ambayo sijawahi kuipata.

Nikasubiri. Nikaenda sokoni na kitambaa mfukoni, nikasimama mbele ya watu, nikangoja hofu ione nilivyoitunza. Ikaja kama kawaida, na nguvu zake zote, na marashi juu!

Nikarudi kwa Sabina nimenuna. Nikamwambia dawa yako mbovu, nimeikaribisha na haijaondoka. Alicheka huyo mama mpaka akavua miwani. Halafu akasema taratibu, "Fikirini, wewe umeikaribisha ili uifukuze. Huko si kukaribisha." Nikamuuliza sasa nikiikaribisha bila kuifukuza nitapata nini? Akasema, "Utapata mikono yako. Sasa hivi mikono yote miwili imeshika hofu. Ukiiachia ikae pembeni, mikono itafanya kazi nyingine."

Nimeliwaza neno hilo mpaka nikakanyaga tope. Wewe unalionaje?

Kisha kuna mchezo mwingine. Hofu inaniambia, "Utaaibika." Sabina kasema usibishane na neno hilo, lisikilize tu kama neno, liseme mara nyingi uone linakuwaje. Basi mie nikalipiga mnada humohumo ofisini. "Utaaibika mara ya kwanza! Utaaibika mara ya pili! Nani anaongeza? Mama wa miwani, huongezi? Utaaibika hilooo, limekwenda!" Wagonjwa wa maabara walikuja mlangoni kuangalia kinachouzwa. Na kweli dada, nilipomaliza lilibaki neno tu, kama boksi lisilo na kitu. Kesho yake lilirudi limejaa. Lakini nilishaliona tupu mara moja.

La mwisho lilinichoma. Akasema, "Tuseme umekufa mzee sana, watu wamekaa arobaini yako wanakutaja. Ungependa waseme nini?" Nikajibu haraka, "Waseme pilau haitoshi." Hakucheka. Akasema, "Mtaje mtu mmoja." Nikamtaja Shamimu. "Angesema nini?" Nikasema angesema mjomba alikuwa anachekesha. "Na nini kingine?" Nikatafuta. Dada, sikukiona kingine. Nimemchekesha mtoto yule tangu anatambaa, na sijui hata chakula anachopenda.

Anapenda nini?

Mdogo wako,
Fikirini


Kitaya
12 Agosti 2004

Mdogo wangu Fikirini,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nyingine nimemsomea Issa, naye kacheka kitambi kikatingishika. Huku wazima, mikorosho imeanza kutoa maua na sote tunapiga chafya.

Shamimu anapenda kisamvu kilichotiwa karanga, na ukoko. Lakini siku hizi anachopenda ni cherehani. Ile ya marehemu mama, ya kukanyaga kwa miguu, kaifufua mwenyewe, kaitia mafuta, kutwa iko barazani inalia. Anashonea watu sare za shule. Wateja wanatoka mpaka vijiji vya juu.

Nami nikuambie jambo, usinicheke. Nimejaribu hayo mambo ya Sabina. Nilikuwa nina donge hapa kifuani tangu posa ilipoletwa, la kuwa mwanangu anaondoka. Nikawa nalikimbia. Nikiona nguo zake zimeanikwa nazipitia mbali. Nikamgombeza kwa vitu vya ovyo, chumvi, ufagio, ili nimchoke haraka. Basi juzi nikatwanga huku nimeliacha donge likae. Nikaliambia, kaa, mie natwanga. Halikwenda popote. Nililia kidogo, mihogo haikujali. Halafu nikajiuliza lile swali lako la arobaini, nataka Shamimu aseme mama yake alikuwa mtu gani siku zile za mwisho nyumbani? Nikaacha kutwanga, nikamwita aje anisuke. Tumekaa mchana mzima. Neno lake bado kaninyima, lakini kanisuka vizuri.

Sasa donge bado lipo, ila siku yangu imekuwa pana. Ndivyo Sabina anavyosema, au mie nimekosea kama wewe na kitambaa chako?

Wageni wameweka siku ya mwisho. Ni Jumamosi tarehe 18 mwezi wa tisa, maana wanataka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani. Atakuja Mzee Hemedi mwenyewe, baba yake Yusufu. Kasema siku hiyo atapokea jibu kwa mjomba yeyote atakayemkuta mkekani. Abdulkarimu kashapiga pasi kofia.

Dada yako,
Mwaisha


Likombe, Mtwara
29 Agosti 2004

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai chafya zimepungua. Mie mzima, isipokuwa kisigino, nitakueleza.

Nimemsomea Sabina ile sehemu ya kutwanga. Kasema hujakosea hata kidogo, na kasema ukija mjini upitie akusalimie. Mie nikaona wivu. Nimekwenda kwake miezi miwili, wewe umepona kwa barua!

Kisigino ni hivi. Niliamua nianze kidogo. Nikapanda juu ya kreti ya soda pale sokoni, nikafungua mdomo niuze mabeseni. Watu wakageuka. Ikaja. Nikaruka chini, nikatua ndani ya beseni, likapasuka, likanikata. Nikasema bei ya lililopasuka ni nusu. Hakuna aliyecheka, hata mie.

Nikaenda kwa Sabina nachechemea, nimeshakata tamaa. Akaniuliza kuhusu kazi yangu, mnada unaendeshwaje, kwa kutaka kujua tu. Nikamwambia, kila mnada una mtu mmoja wa nyuma, mara nyingi kalewa, anapiga kelele, "Mwongo huyo! Shuka limetoboka!" Mpiga mnada mgeni anashuka kwenda kugombana naye. Akishashuka watu wote wanageukia ugomvi, na shuka haliuziki tena. Mzoefu hashuki. Anamwacha apige kelele, maana mnadani kila mtu ana haki ya kuwepo, na yeye macho yake yako kwa yule mama aliyeshika shuka, anayelipapasa.

Nikajisikia ninavyosema. Sabina akauliza, "Na kwako, mama aliyeshika shuka ni nani?"

Nikasema, Shamimu.

Nikarudi kwenye kreti. Mlevi wa kifuani akaanza, mwongo huyo, ataanguka huyo, moyo ukapiga ngoma. Sikushuka. Nilimtafuta mtu mmoja, bibi mmoja wa Mikindani aliyeshika beseni jekundu, nikamuuliza analitakia nini. Akasema anataka kuogeshea mjukuu. Nikamwambia basi usichukue hili, lina ukingo mkali, chukua la bluu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mbu, dada. Haikuwa na utani hata mmoja ndani yake. Lakini nilimaliza kuuza nikiwa juu.

Haikuondoka. Nikamuuliza Sabina itaondoka lini? Kasema hajui, huenda ikapungua, huenda isipungue. Akaniuliza, "Ukitoka hapa ukatembea kuelekea kusini, utafika lini kusini?" Nikasema haifikiwi hiyo, unavuka mto, unaingia Msumbiji, bado kusini iko mbele. "Lakini kila hatua uko njia ya kusini?" Ndiyo. "Basi kuwa mjomba ni hivyo. Hungoji ufike."

Huyo mama ananichosha akili, lakini naipenda anavyoichosha.

Tarehe 18 siahidi kuwa sitatetemeka. Naahidi kuja. Nitakuja Ijumaa, nisiwe na gari la kusingizia.

Mdogo wako,
Fikirini


Likombe, Mtwara
26 Septemba 2004

Dada yangu Mwaisha,

Shikamoo. Natumai mmeamka salama, ingawa najua kwenu hakuna usingizi, na kwangu haupo. Tangu niondoke sijasikia neno kutoka Kitaya, na konda kila nikimuuliza anasema hana barua.

Wewe siku ile ulikuwa chumba cha ndani na wanawake, ulisikia kwa masikio. Nikueleze ilivyokuwa mkekani, maana nadhani nimewavunjia kitu, nataka ujue nilikivunja vipi.

Nilikaa katikati, Issa kulia, Abdulkarimu kushoto na kofia yake. Mbele Mzee Hemedi na wazee wenzake, na Yusufu nyuma yao kainamisha kichwa anachezea uzi wa mkeka. Abdulkarimu akaanza kusema. Alisema habari ya babu zetu, akasema habari ya korosho, akasema habari ya Abdulkarimu. Mie moyo umeshaanza zamani. Nikaona nyuso zote zinanigeukia. Kanzu inatikisika kifuani, mtu angedhani nimeficha kuku.

Unajua desturi. Mjomba anaingia ndani kumuuliza binti, binti ananyamaza, kunyamaza kwake ndiko kukubali, mjomba anatoka anasema tumekubali. Ni mambo ya kufumba na kufumbua. Abdulkarimu akaninong'oneza, "Ingia, toka, tumalize, pilau inapoa." Na dada, nilitamani hivyo. Kusema ndiyo ilikuwa neno moja tu, halafu niende nje nikapumue.

Nikaingia. Mlikuwa mmemfunika kanga. Nikakaa chini, nikasema, "Mwanangu, nimekuja kusikia lile neno." Akanyamaza. Ninyi mkaanza vigelegele, mkidhani ndilo jibu. Nikawaomba mnyamaze, mkanishangaa. Nikangoja. Nje Abdulkarimu anakohoa. Nikangoja tu, moyo unakimbia, mie nimekaa.

Ndipo aliposema, uliposikia na wewe kwa mara ya kwanza. "Mjomba, Yusufu namtaka. Lakini nataka niende na cherehani, na niwashonee watu kama ninavyowashonea hapa. Mzee Hemedi kasema wanawake wa kwake hawakai barazani kushonea watu. Ukisema ndiyo tupu, nitakuwa nimekubali hilo."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwingine. Akasema, "Mwingine angenijibu kabla sijamaliza."

Dada, mie si msikilizaji. Nilikuwa nimejifunza kusikiliza wiki tatu tu, kwenye kreti ya soda.

Nikatoka. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kufungulia, kizuri, kinahusu mbuzi. Kilipotea. Nikasema, "Wazee wangu, moyo wangu unakwenda mbio, mnauona hapa kwenye kanzu. Mniache nao, si kosa la mtu. Neno la binti ni hili. Kijana kamkubali. Anakuja na cherehani yake, na atashonea watu. Hayo mawili ni jibu moja."

Mzee Hemedi akasema, "Kwangu hakuna mwanamke anayeshonea watu barazani." Hakukasirika, alisema tu, kama mtu anayekuonyesha ukuta. Abdulkarimu akanivuta kanzu, "Sema ndiyo, cherehani tutaizungumza baadaye!" Lakini sote tunajua hakuna baadaye, jibu likishatoka limetoka. Nikasema, "Nimekusikia, mzee. Jibu letu ni hilo." Sauti nyembamba ileile ya mbu.

Wakanyanyuka. Wakasema watakwenda kuzungumza. Pilau hawakuigusa. Na wewe ulinifungia pilau hiyo kwenye majani ya mgomba bila kunitazama usoni.

Hofu sikuiacha Kitaya. Nilipanda nayo gari, tukarudi wote. Lakini sasa kuna nyingine. Je, nimemharibia mtoto? Angeolewa, Ramadhani ingemkuta kwake, huenda mzee angelainika mbele ya safari. Sabina nimemuuliza kama nilifanya sawa. Kasema hilo si lake kujibu, kasema niulize nilikuwa mjomba wa namna gani pale mkekani. Nimejiuliza. Jibu ninalo, na bado silali.

Niandikie hata kama ni la kunitukana.

Mdogo wako,
Fikirini


Kitaya
9 Oktoba 2004

Mdogo wangu Fikirini,

Marahaba. Hatujambo, tunangoja mwezi wa Ramadhani uandame, na korosho zimeanza kudondoka.

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikasirika na wewe, nikakasirika na Shamimu kwa kunificha. Watu kisimani walikuwa wananiuliza harusi lini huku wanajua. Abdulkarimu hajafika hapa tangu siku ile, anasema umemvunjia heshima ya kofia. Nimeiacha hasira ikae. Imekaa sana. Siku moja nikiwa nayo nikaenda nikakaa barazani karibu na Shamimu, nikamshikia kitambaa akikata.

Mzee Hemedi hajaleta neno. Hajasema ndiyo wala hajaitaka posa irudi. Hilo ndilo ulilotaka kujua, na sina zaidi.

Lakini jana baada ya alasiri Yusufu kaja. Peke yake, kwa baiskeli, kutoka Mtawanya mpaka hapa, vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Akanisalimia, akakataa kiti, akakataa maji. Akaniomba ruhusa aione cherehani. Nikamwita Shamimu, akasimama mlangoni. Kijana akatoa kamba mfukoni, akaipima cherehani urefu, akafunga fundo. Akaipima upana, akafunga fundo jingine. Akapima na nafasi ya miguu, pale pa kukanyagia.

Nikamuuliza, "Baba, mzee kasemaje?"

Akasema, "Mzee bado hajasema, mama. Mie nimekuja kuipimia nafasi barazani."

Akaizungusha kamba mkononi, akaaga, akapanda baiskeli yake. Shamimu alisimama pale mpaka vumbi likatua, halafu akarudi kukaa, akaendelea na sare ya mtu.

Njoo Idi ule hapa. Kisamvu atapika Shamimu mwenyewe.

Dada yako,
Mwaisha